Mtu Huishi Mara Moja: Tukatae Unajimu wa “Maisha Yaliyopita”



Kuna mafundisho yanayoenea miongoni mwa vijana yakiwa yamevaa vazi la elimu. Yanasema hivi: mpe mnajimu siku, saa na mahali ulipozaliwa, naye atakuonyesha ulikuwa nani kabla ya maisha haya. Na ili yaaminiwe, hutaja watu mashuhuri: wafalme, wanamuziki na viongozi, kana kwamba ukuu wao ulipandwa katika mwili mwingine na kuandikwa angani. Twasema wazi: hiyo si elimu, si imani, wala si mchezo usio na madhara.

Kwanza tutazame chimbuko lake. Hutangazwa kuwa hekima ya kale, lakini kule Magharibi, ambako umetufikia kutoka huko, unajimu huu ni wa juzi. Shirika la Theosofia lilianzishwa New York mwaka 1875. Mfuasi wake mmoja, Mwingereza Alan Leo (1860-1917), ndiye aliyeeneza sana wazo la kuunganisha nyota na kuzaliwa tena. Mwaka 1923, mjini Dayton, Marekani, mchapishaji Arthur Lammers alimwomba Edgar Cayce, mpiga picha aliyekuwa akinena akiwa usingizini, amsomee nyota zake. Cayce akamwambia kwamba zamani aliwahi kuwa mtawa. Ushahidi ulikuwa nini? Neno la mtu aliyelala.

Pili, tuyapime madai yenyewe. Wanajimu hawa hutegemea sana sehemu mbili za anga ambapo njia ya mwezi hukatana na njia ya jua. Sehemu hizo huzunguka buruji zote 12 kwa muda wa miaka 18.6, yaani hukaa karibu mwaka mmoja na nusu katika kila buruji. Maana yake, karibu darasa zima la shule, maskini na tajiri, mpole na mkorofi, wamebeba alama ileile ya “maisha yaliyopita”. Alama inayowafaa watu wote haimwelezi mtu yeyote.

Mfaransa Michel Gauquelin alifanya jaribio ambalo kila kijana apaswa kulijua. Aliwatumia watu 150 maelezo ya nyota zao, akawauliza kama yanawafaa. Zaidi ya tisa katika kila kumi walijibu kwamba ndivyo walivyo hasa. Kumbe wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, yaliyotungwa kwa nyota za daktari Marcel Petiot, muuaji wa watu wengi aliyenyongwa kwa hukumu ya mahakama? La, aliyekatwa kichwa kwa hukumu ya mahakama mjini Paris mwaka 1946! Nyota hazikumtambua muuaji, nao raia wema walijiona ndani yake.

Karne nyingi kabla ya hapo, Mwafrika mwenzetu, Mtakatifu Augustino wa Thagaste, ambaye katika ujana wake aliwafuata wanajimu, alifunguliwa macho na habari ya rafiki aliyeitwa Firminus. Huyo alizaliwa saa ileile na mtoto wa mtumwa. Mmoja alikua katika mali na heshima. Mwingine alibaki utumwani. Anga lilikuwa moja, maisha yakawa mawili.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito: mafundisho haya humhukumu mnyonge. Ikiwa kila mmoja huvuna aliyoyapanda katika mwili wa zamani, basi mtoto anayelala chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi wa vita hapa Kivu analipa deni lake mwenyewe. Aliyemfukuza kijijini kwao ni mtoza deni tu. Nani atadai haki? Nani atatubu? Msiyapokee maneno yanayompa mwenye bunduki udhuru na kumpa aliyepigwa hatia.

Hata watu wakuu hudhulumiwa na mafundisho haya. Mkumbukeni Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa Goma. Alikuwa mtumishi wa serikali mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiuzwe kwa watu, na kwa sababu hiyo akauawa mwaka 2007, akiwa na miaka 26. Tukisema ushujaa wake ulitoka kwenye maisha mengine, au kwenye buruji yake, tumemnyang’anya uamuzi wake. Aliweza kukubali, akakataa. Kukataa huko ni kwake, tena ni tunda la neema.

Wengine watasema: “Hata mababu zetu huwapa wajukuu majina ya marehemu.” Ni kweli, nasi twaiheshimu desturi hiyo. Lakini jina la babu ni kumbukumbu na wosia. Mjukuu huitwa kwa jina lake ili afuate mwenendo wake mwema; hadaiwi madeni yake.

Waraka kwa Waebrania (9:27) wafundisha kwamba mwanadamu hufa mara moja, kisha ni hukumu. Katekisimu (namba 1013) yakana kuzaliwa tena baada ya kifo, na namba 2116 yakataza kuwaendea wanajimu. Fundisho hili si kamba ya kutufunga. Latuambia kwamba kila mmoja wetu ni wa pekee, ameitwa kwa jina lake, na kwamba siku ya leo haina ya akiba. Msamaha utakaochelewa kuuomba, hutapewa mwili mwingine wa kuuombea.

Basi anayetaka kujua yeye ni nani na asali, achunguze dhamiri yake, aende kitubioni, amtumikie jirani. Humo atajijua.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:
1. Ni matendo gani yetu tunayoyasingizia nyota, bahati au wazee wetu?
2. Katika parokia yetu, nani huambiwa kwamba mateso yake ni kosa lake? Tutamtendea nini?