Platini ni ya Afrika, mwanga wake je?

Jaribu hili leo usiku stima ikipotea. Washa tochi ya simu, kisha uifunike kwa kidole. Tochi ni nyeupe, lakini kidole kitang'aa chekundu. Rangi zingine zimemezwa humo ndani. Nyekundu ndiyo iliyopenya.

Kile kidude cha kubana kidole hospitalini, cha kupima oksijeni, kinatumia ujanja uo huo. Kinapitisha mwanga mwekundu pamoja na infraredi, ule mwanga ulio baada ya wekundu ambao jicho halioni, kisha kinahesabu kiasi kilichomezwa na damu. Poa sana, ama? Sasa sikia. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa wagonjwa weusi walioishiwa oksijeni bila kidude kugundua walikuwa karibu mara 3 ya wazungu. Kidude kinasema uko sawa, kumbe mambo yameharibika. Melanini, ile rangi ya ngozi yetu, nayo humeza mwanga, na hesabu za kidude hazikuizingatia vya kutosha.

Platini inaingiaje hapo? Skrini ya OLED hung'aa stima inaposisimua molekuli zake. Shida ni kwamba kati ya kila molekuli 4 zilizosisimuliwa, moja tu ndiyo hutoa mwanga kirahisi. Nguvu ya zile 3 hupotea kama joto. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walitumia molekuli yenye atomu nzito ya platini katikati, na hata zile 3 zikaanza kung'aa, tena wekundu uliokolea.

Kuvuka wekundu ndiyo kazi ngumu. Mwanga wa huko una nguvu ndogo, na molekuli ikitikisika tu, nguvu hiyo inaisha kabla haijatoka. Mwaka 2017 wanakemia wa Taiwan walibuni molekuli bapa za platini zinazopangana kama chapo kwenye sahani. Zikibebana hivyo, mtikisiko hauzinyang'anyi nguvu sana. Walipata mwanga wa nanomita 740, pale jicho linaposhindwa kuona, na kwa kila elektroni 100 zilizoingia zilitoka chembe 24 hivi za mwanga. Na kwa kuwa OLED inaweza kutandazwa juu ya plastiki laini, kipimo cha kesho huenda kikabandikwa mwilini kama plasta.

Hapa ndipo tunakuambia wewe, kijana, usikae kando. Zaidi ya nusu ya platini inayochimbwa duniani kila mwaka hutoka Afrika Kusini, na Zimbabwe nayo inachimba. Madini yanaondoka kwetu. Uamuzi kuhusu mwanga upi utengenezwe, na ujaribiwe kwa ngozi ya nani, unafanyika kwingine.

Tusidanganyane: molekuli nzuri peke yake haitaondoa kasoro hiyo. Kidude kilichopimwa kwa ngozi nyeupe pekee kitaendelea kutukosea hata kikitumia platini safi namna gani. Kinachohitajika ni watu wenye ngozi kama yetu pande zote mbili: maabarani wakibuni, na kwenye majaribio wakipimwa.

Kwa hivyo, kama uko shule na unataka kuacha kemia kwa sababu mtu amekuambia ni ya kukariri tu, fikiria tena. Kama unasomea uuguzi, udaktari au uhandisi, uliza swali moja kila kifaa kipya kinapoletwa: kilijaribiwa kwa ngozi ipi? Na wanaonunua vifaa vya hospitali kwa kodi yetu wadai jibu hilo kwa maandishi kabla ya kulipa.

Swali hilo halihitaji digrii. Linahitaji tu mtu wa kuliuliza kabla mgonjwa hajaambiwa yuko sawa, arudi nyumbani.