"Kaka, Sifuri Hiyo"

Najua nimepotea kidogo, kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo nina jambo ambalo baadhi yenu mtanicheka, lakini nivumilieni mpaka mwisho.

Jumamosi iliyopita niliazima gari la mshikaji wangu, nikapitia sheli kuweka mafuta ya elfu ishirini. Yule dada wa pampu, kabla hajafanya chochote, akanyoosha kidole kwenye kioo. "Kaka, sifuri hiyo." Nikaitikia kwa kichwa, akaanza kumimina.

Zamani nisingejali. Lakini mwaka juzi, kwenye sheli moja ambayo sitaitaja, niliweka mafuta huku nimeinamia simu. Nilipowasha gari mshale wa geji haukuwa umetikisika hata kidogo. Nikarudi kuuliza, nikaambiwa, "Bosi, si ulikuwepo hapa hapa?" Kweli nilikuwepo, ila sikuangalia. Nilipoteza hela ile kimya kimya, na tangu siku hiyo kioo cha pampu nakitolea macho kama mtihani.

Hasira zile ndizo zilinifikisha kwenye mambo ya watu wanaokusanya pampu kuukuu za petroli. Wengi wako Marekani. Mtu anakuta pampu ya miaka ya 1920 au 1930 imelala kwenye ghala la shamba, kuku wametaga ndani, anailipia hela nzuri, anaibeba kwake. Anaifungua nati moja moja, anaipiga mchanga kwa upepo wa kompresa mpaka chuma kinabaki uchi, ananyoosha mabati yaliyobonyea, anapaka puti, praima, halafu rangi nyekundu inayong'aa kama pipi. Juu anaweka taa ya kioo yenye nembo ya kampuni ya mafuta. Kisha anaisimamisha sebuleni au gereji. Haitoi hata tone.

Nimekesha nikitazama video zao. Mwenzangu mmoja kazini alinikuta akasema hizo ni starehe za watu wasio na shida. Labda. Mimi naona pana ugomvi wa maana ndani yake.

Tuanze na historia kidogo. Sisi kituo chochote cha mafuta tunakiita "sheli" hata kama bango la juu ni la kampuni nyingine kabisa. Jina la Shell limegeuka jina la wote. Waaustralia wana mchezo huohuo: pampu ya petroli wanaiita "bowser". Hilo ni jina la mtu, Sylvanus Bowser, wa mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana. Mwaka 1885 aliuza pampu yake ya kwanza kwa mwenye duka la vyakula pale mjini. Haikuwa ya petroli, magari yalikuwa bado. Ilikuwa ya mafuta ya taa. Inasimuliwa kwamba pipa la mafuta ya taa dukani mle lilikuwa likivuja na kuharibu siagi iliyokuwa jirani yake. Mwaka 1905 kampuni ya Bowser ikaleta pampu ya petroli ya kujipimia kwa ajili ya magari, na mji ule ukaendelea kuwa nyumbani kwa watengenezaji wakubwa wa pampu, wakiwemo Wayne na baadaye Tokheim.

Sasa sikilizeni hapa. Pampu za mwanzo mteja alikuwa haoni kitu. Mafuta yanatoka kwenye tangi chini ya ardhi, yanapita ndani ya chuma, yanaingia kwenye gari lako. Umeambiwa galoni tano, utabisha na nani? Je, yamechanganywa na maji? Utajuaje? Watu walilalamika kuibiwa kama mimi nilivyolalamika mwaka juzi.

Dawa yake ilikuwa kioo. Kuanzia miaka ya 1910 na kupamba moto miaka ya 1920, zikaenea pampu ndefu kumpita mtu, zenye silinda kubwa ya kioo juu, mara nyingi ya galoni 10 za Marekani, karibu lita 38. Mhudumu anavuta mkono wa pampu mbele na nyuma, petroli inapanda ndani ya kioo mbele ya macho yako. Ndani kuna alama za galoni. Ukisharidhika, anafungua mpira na mafuta yanashuka yenyewe kwa uzito wake kwenye tangi la gari. Kampuni nyingine zilitia petroli rangi ili mteja aitambue kwa macho.

Baadaye zikaja pampu zenye uso kama saa ya ukutani, mshale unazunguka kuhesabu galoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 zikaingia pampu zinazokokotoa bei zenyewe kwa tarakimu zinazozunguka. Silinda kubwa ikaondoka, lakini pampu nyingi zilibakiza kijidirisha kidogo cha kioo karibu na mpira, mteja aone mafuta yanapita kweli. Hofu ya kupunjwa haikuisha, ndiyo maana kioo hakikuondoka.

Kwa maneno mengine, umbo lote la pampu hizi wanazozililia wakusanyaji limetokana na mteja kutomwamini muuzaji. "Kaka, sifuri hiyo" ya yule dada ni mtoto wa silinda ile ya kioo.

Na hapo ndipo ugomvi wangu na baadhi ya wakusanyaji unapoanza. Siku hizi kila kitu cha pampu kinatengenezwa upya: taa za kioo, stika, vibao, mipira, mpaka milango. Hilo peke yake si kosa. Kioo cha mwaka 1925 kikivunjika huwezi kukiagiza kiwandani. Tatizo ni pale pampu iliyouza mafuta ya kampuni isiyojulikana kwenye kijiji fulani inapovalishwa nembo maarufu kwa sababu nembo hiyo inaleta bei. Tatizo linakuwa kubwa zaidi pale taa mpya inapokwaruzwa na kupakwa uchafu kidogo ionekane kongwe, kisha inapelekwa mnadani kama ya asili. Taa adimu za asili huuzwa kwa maelfu mengi ya dola, kwa hiyo kishawishi kipo. Jamani, hii si kupunja galoni kwa namna nyingine? Mashine iliyobuniwa ili mnunuzi aone anachonunua, leo inatumika kumficha anachonunua!

Wapo wanaosema basi tusiguse kabisa, kutu ibaki, rangi ibabuke, kwa kuwa kitu huwa cha asili mara moja tu. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao moja kwa moja. Kutu haikumbuki, kutu inakula. Chuma kilichoachwa kwenye mvua miaka mingine hamsini kitakuwa unga, na utabaki na hadithi bila ushahidi. Fundi anayeokoa pampu anafanya kazi ya heshima, tena ya hatari. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake si la kuvuta kifuani. Bomba lililokaa miaka na mabaki ya petroli si la kukata na grainda ovyo.

Hoja yangu ni kwamba anayekarabati anachagua nini kibaki na nini kifutwe, na uchaguzi huo unatakiwa usemwe wazi.

Chukueni mfano wa mwaka 1979. Bei ya mafuta ilipaa baada ya mapinduzi ya Iran, na kule Marekani petroli ikaelekea dola moja kwa galoni. Pampu nyingi za kimakanika hazikuwa na nafasi ya tarakimu hiyo, mwisho wake ilikuwa senti 99.9. Ikabidi vituo vipange pampu kwa nusu bei na kubandika tangazo kwamba mteja alipe mara mbili ya kinachosomeka. Fikiria pampu yenye gundi ya tangazo lile mpaka leo. Hiyo gundi ni habari, mimi mwandishi ningeiandikia kurasa mbili. Lakini mkarabati anayetaka pampu ya "enzi tamu" ataisugua kwa msasa, ataweka bei ya senti 19, na mwaka 1979 utakuwa haujatokea.

Na hizo enzi tamu zilikuwa tamu kwa nani? Kuanzia mwaka 1936 Victor Hugo Green, mtu mweusi wa New York, alichapisha kitabu cha kuwaongoza wasafiri weusi wajue hoteli, migahawa na vituo vya mafuta ambako wangehudumiwa bila kudhalilishwa. Vituo vya Esso vilikuwa miongoni mwa sehemu kitabu kilikopatikana. Kwa hiyo taa ya Esso iliyo juu ya pampu sebuleni kwa mtu inaweza kuwa na hadithi nzito kuliko uzuri wake. Kwa msafiri mweusi, nembo aliyoiona barabarani ilikuwa swali: hapa nisimame au nipite? Ukimweleza mgeni wako galoni na rangi tu, ukaacha hilo, umempunja.

Msinielewe vibaya, sisemi mtu asifurahie pampu yake. Nasema mambo matatu tu. Piga picha kabla hujagusa, uiweke pamoja na pampu. Acha japo kipande kimoja cha rangi ya zamani, hata nyuma ambako hakuna anayeona. Na weka orodha fupi: hiki cha asili, hiki kipya, nembo hii nimeichagua mimi. Karatasi moja inatosha. Kwa mnunuzi itakuwa kama ile silinda ya kioo.

Kuna mtu ataniuliza, sisi Bongo inatuhusu nini? Nami namuuliza: pampu zetu za tarakimu za kuzunguka ziko wapi? Zile za mlio wa kengele na namba nyeupe zinazopanda taratibu. Mjomba wangu aliuza mafuta kwenye mji mdogo wa barabarani, na mwaka jana nilimuuliza pampu yake ilikwenda wapi. "Ilikatwa, ikapelekwa skrepa," akajibu. "Kwani ulitaka tuifanyie nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba picha, hana. Alichobakiza ni namna alivyokuwa akimwita kila dereva aje asogee karibu na kioo kabla hajavuta mpira, kwa sababu, anasema, mtu akiona mwenyewe harudi kugomba.

Wamarekani wana pampu nyingi na baadhi yao wanazivalisha uongo. Sisi tumebakiza maneno mawili matatu ya mjomba. Kama unajua pampu kuukuu imesimama mahali fulani, kwenye sheli iliyofungwa au nyuma ya gereji, kabla skrepa haijaifikia nenda kaipige picha. Usiifute vumbi kwanza.

Nawasilisha.