"Atakufa Mwenyewe" Si Huruma

Mnyama wa nyumbani akipata ugonjwa usiopona, hakosekani mtu mzima wa kutoa ile hukumu inayosikika kama upole: "Muacheni, siku yake ikifika atakwenda mwenyewe." Wenye nyumba hushusha pumzi, maana wametuliwa mzigo wa kuamua. Anayebaki kuubeba ni mnyama.

Chukua paka mzee mwenye ugonjwa wa figo, maradhi yanayowapata paka wengi wakishazeeka. Dalili huja kuonekana wakati takriban theluthi mbili ya uwezo wa figo imeshapotea, na kilichopotea hakirudi. Dripu na chakula maalumu vinaweza kumpa miezi mizuri, hata miaka, na hapo nawaunga mkono wanaotibu. Lakini hufika wakati dripu haisaidii tena. Nimemwona paka wa jirani katika hali hiyo: ameinamia bakuli la maji, kidevu kimegusa ukingo, na hanywi. Mdomo unanuka mkojo, ndani vidonda vitupu. Manyoya aliyokuwa akiyalamba kutwa yameshikana mafundo. Na bado watu wa nyumba wananisimulia kipande cha samaki alichokubali jana, eti ndio ushahidi kwamba hajachoka kuishi.

Kula peke yake hakutoshi. Mbwa mwenye saratani ya mfupa hula na kutikisa mkia bwana wake akiingia, ilhali mguu haukanyagi chini. Paka huunguruma kifuani, mlio tunaoudhani wa raha tu, hata akiwa na maumivu makali. Ukingoja alie ndipo uamini, umeshamchelewa.

Wapo wanaosema uhai ni wa Mungu, tusiuingilie. Imani hiyo naiheshimu. Ila tuliingilia tangu siku tulipomchanja, tukamhasi, tukamtundikia dripu ya kwanza. Kuyakatiza yote hayo na kumlaza juu ya gunia stoo, atapike na kushikwa na degedege siku kadhaa, nako ni kuamua. Mtoto wa madrasa pwani anajua kwamba Mtume aliamuru kisu kinolewe ili mnyama asiteswe. Daktari wa mifugo naye humchoma mshipani dawa ya usingizi kwa kiwango kikubwa; fahamu hupotea kwa sekunde chache, na moyo husimama muda mfupi baadaye. Kumnyima hayo na kuita huruma, mimi sikubali.

Na kipimo kipo. Daktari Alice Villalobos wa Marekani alitunga mwaka 2004 orodha ya mambo 7: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, mwendo, na kama siku nzuri zinazishinda mbaya. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 10. Jumla ikizidi 35, kuna sababu ya kuendelea kumuuguza. Asiyetaka hesabu atundike kalenda jikoni, kila jioni aandike siku nzuri au mbaya. Mbaya zikianza kufuatana, asingoje wiki iishe.

Daktari wa mifugo naye aulizwe mapema: hiyo dawa ya mshipani anayo? Atakuja nyumbani? Bei gani? Usiku wa Jumamosi anapokea simu? Akijibu hapana, atafutwe mwingine sasa, mnyama angali na siku nzuri.