Gorila wa kitambaa asinunuliwe kwa huruma

Gorila wa kitambaa hashonwi kwa dakika kumi. Mama anakata kitambaa cheusi, anashona mikono na miguu kimoja kimoja, anaigeuza, anaijaza sponji au mabaki ya vitenge, kisha anaiunganisha na mwili kwa sindano ya mkono. Dume mkubwa anawekewa kipande cha kijivu mgongoni. Okapi anasumbua zaidi: michirizi yake ya miguu inataka macho mazuri na subira.

Kazi hii si ngeni hapa Goma. Katika hospitali ya HEAL Africa, wamama waliosubiri matibabu ya muda mrefu walifundishwa kushona. Kule Rumangabo, wajane wa walinzi wa Hifadhi ya Virunga walipata karakana yao ya ushonaji. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakilinda wanyama hao, na wajane wao wamelisha watoto kwa sindano.

Shida ni mnunuzi. Kwa miaka mingi alikuwa mgeni aliyelipa dola mia kadhaa kutazama gorila kwa saa moja, kisha akanunua zawadi akiondoka. Korona ilimzuia mwaka 2020, vita vikamfukuza. Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na benki pia zilifunga milango. Wamama waliotoka Rutshuru na Masisi waliondoka katika kambi za Kanyaruchinya na Bulengo na sindano zao. Leo wengine wanashonea kwa ndugu, wengine wamerudi kwenye nyumba zisizo na mabati.

Watu wenye moyo mwema husema: tuwanunulie ili tuwasaidie. Hapo ndipo kosa linapoanza. Anayenunua kwa huruma hununua mara moja tu, na bei anaipanga yeye. Fundi ahesabu kitambaa, uzi, sponji, kodi ya mashini na siku zake za kazi, ndipo ataje bei. Mshono ukiachia, arudishiwe kama fundi mwingine yeyote.

Wengine watauliza: nani atanunua mdoli wakati unga umepanda? Swali ni la haki. Basi mnyama ahamie kwenye vitu vinavyonunuliwa hata wakati wa taabu: mfuko wa shule, pazia, aproni, nguo ya kubebea mtoto. Na wale wenye mshahara, yaani mashirika, hoteli na shule, waagize hapa kabla ya kuagiza midoli ya kiwandani kutoka ng'ambo.

Okapi wa porini haishi nchi nyingine yoyote ila Kongo. Gorila wa milimani wamebaki kama elfu moja na kidogo, nasi tunagawana nao msitu mmoja na Rwanda na Uganda. Watoto wengi waliokimbia wanaujua msitu huo kwa gunia la makala tu. Mama anayewashonea gorila anawapa sababu nyingine ya kuutaka ubaki. Hiyo ni kazi, na kazi inalipwa.