Ugonjwa wa Macho ya Ng'ombe: Jina Moja, Vijidudu Vingi

Wafugaji wenzangu,

Hapana mfugaji asiyeujua ugonjwa wa macho. Ndama huanza kwa kufumba jicho moja na kuukimbia mwanga. Machozi humtiririka shavuni na nzi humzonga. Baada ya siku chache huonekana doa jeupe katikati ya jicho, nalo huenea likawa kama chamba. Wengi hupona baada ya majuma kadhaa, lakini wengine hubaki na kovu, na wako ambao jicho hupasuka wakawa chongo. Mnyama asiyeona vema hali malisho yake sawasawa: maziwa hupungua, ndama hukonda, na bei yake mnadani huanguka.

Neno langu kwenu ni hili: yatupasa kuiacha desturi ya kusema, "Ugonjwa ni ule ule, basi dawa ni ile ile." Jina ni moja, lakini vijidudu vyake si vya namna moja.

Kijidudu kinachojulikana sana kuuleta ugonjwa huu huitwa Moraxella bovis, nacho ni bakteria. Kina silaha mbili. Ya kwanza ni nyuzi nyembamba kama malaika ya mwili, ambazo kwazo hujishika juu ya jicho machozi yasikioshe. Ya pili ni sumu inayoharibu ngozi ang'avu ya jicho na kufanya kidonda. Kikikosa silaha hizo, hakiwezi kuleta ugonjwa.

Tena nyuzi hizo si za namna moja. Mnajua jinsi mahindi yalivyo na mbegu nyingi, hii ikistahimili ukame na ile ikinyauka, ingawa yote huitwa mahindi. Ndivyo ilivyo kwa kijidudu hiki: ukoo mmoja huwa na nyuzi tofauti na ukoo mwingine. Zaidi ya hayo, kijidudu kimoja chaweza kukigeuza kipande cha vinasaba vyake, mbele kikawa nyuma, kikabadili namna ya nyuzi zake. Chanjo iliyofanyizwa kwa nyuzi za ukoo mmoja humkinga mnyama na ukoo huo, lakini yaweza isimkinge na mwingine. Kwa hiyo mtu akisema kwamba chanjo imemdanganya, yafaa aulize kwanza: je, ilikuwa ya vijidudu vilivyomo zizini mwake?

Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza kijidudu kingine, Moraxella bovoculi, kilichopatikana katika macho ya ndama wagonjwa huko California. Mwaka 2016 walichapisha habari za kulinganisha vinasaba vya vijidudu vya jina hilo vilivyotoka katika macho mabovu na vile vilivyotoka ndani ya pua za ng'ombe wasio na ugonjwa wa macho. Vilitofautiana sana, wala baadhi ya vinasaba vilivyokuwamo katika vile vya macho havikuwamo katika vile vya puani. Hata hivyo tusiharakishe kuhukumu. Mtu kukutwa penye wizi si ushahidi kwamba yeye ndiye mwizi, na majaribio ya kuwatia ndama wazima kijidudu hiki machoni hayakuwaletea ugonjwa.

Labda mtaniambia, "Hayo ni mambo ya mabwana wa hadubini, sisi wenye ng'ombe watatu yatufaa nini?" Yatufaa sana. Mtaalamu hawezi kusoma asichopelekewa. Mfugaji akificha ugonjwa, au akitia dawa yoyote aliyoiona dukani kabla ya jicho kutazamwa, hufuta nyayo ambazo zingetuonyesha adui alikopitia. Ng'ombe akiisha kuwa chongo, hata dawa iliyo njema haitalirudisha jicho lake. Basi fanyeni haya:

1. Mwiteni daktari wa mifugo siku ya kwanza mnapoona machozi na jicho kufumba. Kama anaweza kuchukua machozi ya kupimwa, ayachukue kabla ya kutia dawa.

2. Mtengeni mgonjwa na wenziwe, mkamweke kivulini. Mwanga mkali wa jua huudhoofisha uso wa jicho na kulizidisha donda. Ng'ombe wa kigeni wenye nyuso nyeupe huumia zaidi, na wetu wenye nundu huumia kwa uchache.

3. Pigeni vita na nzi. Nzi hutua juu ya jicho bovu, kisha huhamia jicho zima na vijidudu miguuni. Ondoeni samadi zizini, mkaiweke mbali na wanyama.

4. Nawieni mikono kwa sabuni kila mtokapo kwa mgonjwa. Kitambaa kilichompangusa huyu kisimpanguse yule.

5. Msitie machoni chumvi, tumbaku wala majani yaliyotafunwa. Hayo huongeza kidonda juu ya kidonda.

6. Dawa kama oksitetrasaiklini huponya wengi zikitumiwa mapema, lakini kwa kipimo cha daktari, na kwa siku alizotaja. Maziwa ya siku zilizokatazwa yasinywewe wala yasiuzwe.

7. Andikeni katika daftari mnyama aliyeugua, siku aliyoanza, dawa aliyopewa na jinsi alivyopona.

Daftari hilo ni jambo dogo, nalo halihitaji mashine. Lakini wafugaji wa kijiji wakiyaweka madaftari yao pamoja, daktari ataona kama ugonjwa unarudi na namna mpya, na kama dawa ya mwaka jana bado inafaa. Mimi naona huo ndio mchango wetu katika elimu hii. Mficha ugonjwa kifo humfichua; na anayeficha jicho la ng'ombe mmoja huyaponza macho ya zizi zima, lake na la jirani yake.