Hela ya Fundi Isichanganywe na Hela ya Simiti

Karibu kila kijiji cha Kisii na Nyamira kina nyumba iliyokwama kwenye linta, nyasi zimeota sebuleni. Ukiuliza, utaambiwa mwenyewe aliishiwa, au ndugu aliyesimamia alikula pesa. Maoni yetu ni tofauti kidogo. Mara nyingi shida ilianza kabla ya jiwe la kwanza: pesa zote zilitumwa kwa simu ya mtu mmoja, bei ya fundi haikuwa imekubaliwa, na hakuna aliyejua ngapi ni za mchanga na ngapi ni za leba.

Kwa watu wetu walio Nairobi, Mombasa au hata Minnesota, kutuma pesa nyumbani ni rahisi. Tangu Agosti 2023, M-Pesa inaruhusu hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Lakini ujumbe wa kuthibitisha hukuambia pesa imefika, haukuambii ukuta umesimama.

Gawa bajeti mara nne

1. Vifaa. Lipa duka la hadiwea moja kwa moja kwa nambari yake ya malipo, usipitishie kwa fundi. Mchanga na kokoto, lipa lori likishamwaga na mtu wako akaona.
2. Leba. Hii ni ya fundi na vibarua wake peke yake.
3. Msimamizi. Ndiyo, hata kama ni kaka yako.
4. Dharura. Weka angalau asilimia 10. Ploti zetu ziko kwenye miteremko, kwa hivyo msingi wa upande wa chini hula mawe mengi kuliko wa juu. Lori lisipofika, matofali yatabebwa na watu, na hao wanalipwa. Tena Kisii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na kuna siku kazi haitafanyika.

Fundi alipwe kwa hatua

Ukilipa kwa siku bila mtu wa kuangalia, kazi ya wiki mbili inaweza kula mwezi. Ukitoa nusu mapema, utabaki kumpigia simu. Patana bei ya leba yote, kisha igawe. Tuseme mmekubaliana shilingi 240,000:

- Msingi hadi slabu: 60,000
- Kuta hadi linta: 50,000
- Linta hadi kimo cha paa: 30,000
- Paa: 40,000
- Plasta na sakafu: 60,000

Katika kila hatua, zuia asilimia 10. Hizo 24,000 mpe mvua kubwa ikishapiga paa na hakuna panapovuja. Kandarasi kubwa hufanya hivyohivyo.

Kuna watakaosema huku ni kumdharau fundi. Wangekuwa sahihi kama mzigo ungekuwa wake peke yake. Fundi ana vibarua wanaomngoja Jumamosi. Ukimchelewesha ataenda mjengo mwingine, na hutakuwa na haki ya kumlaumu. Kwa hivyo nawe jifunge: hatua ikiisha, picha zikitumwa na msimamizi akikubali, lipa siku hiyohiyo.

Mlipe ndugu yako

Wengi huona aibu kumlipa ndugu. Lakini huyo ndugu anaacha shamba, anapanda boda kwenda kufuata misumari, na anazozana na fundi kwa niaba yako. Usipompa kitu waziwazi, nauli yake itatoka kwenye hela ya simiti, nawe utaiita wizi. Kiasi kidogo kinachojulikana, kikitumwa kila hatua, kinalinda nyumba na undugu pia. Kuna familia ambazo leo hukaa pande mbili kwenye mazishi kwa sababu ya mjengo.

Kabla hujatuma tena

Andika makubaliano ya ukurasa mmoja: majina, nambari za vitambulisho, hatua, bei na sahihi zenu. Uliza kama fundi ameidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA).

Na kama umeshaanza, hujachelewa. Chukua taarifa ya miezi sita ya simu yako, weka alama kila malipo: vifaa, leba, msimamizi, dharura. Yale usiyoweza kuyatia alama, kaeni chini na fundi na ndugu yako muyaulize pamoja, kabla ya shilingi nyingine kutoka.