Saa Kuukuu, Bei za Ajabu: Kinachonadiwa ni Nini?

Yuko mtu aliyelipa dola 17,752,500 za Marekani kwa saa moja ya mkono. Si saa ya dhahabu, wala haina almasi. Ni Rolex Daytona ya chuma cha pua, iliyonadiwa na kampuni ya Phillips mjini New York mnamo Oktoba 2017. Wako waliosema huo ni wazimu, na wako waliosema ni israfu. Mimi naona kabla hatujahukumu ni heri tufahamu kinachouzwa katika minada hiyo ni kitu gani, kwani jambo lenyewe halikai mbali na masanduku ya nyumbani kwetu.

Saa hizo huitwa kronografu. Pamoja na kuonyesha wakati, aghalabu huwa na vifungo viwili ubavuni. Ukibonyeza cha kwanza, mshale mwembamba huanza kwenda. Ukikibonyeza tena husimama. Na cha pili huurudisha mwanzo. Zilitengenezwa kwa watu wa kazi: wapimaji wa mbio, marubani na madaktari. Leo simu ya mtoto hupima muda kwa usahihi zaidi. Basi anayetoa mamilioni hanunui kipimo cha muda.

Ananunua nini? Tuitazame saa ile ya New York. Ilikuwa mali ya Paul Newman, mchezaji sinema wa Marekani aliyependa pia kushindana katika mbio za magari. Alipewa na mkewe, Joanne Woodward, ambaye alichora mgongoni mwa saa maneno ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu. Mwaka 1984 Newman akampa kijana aliyekuwa rafiki wa bintiye. Zama zile saa zenye uso wa namna ile hazikupendwa, zikakaa madukani zikikosa wanunuzi. Kwa hiyo zilitengenezwa chache, na uchache huo ndio uliokuja kuzipa thamani. Fundi hodari aweza kutengeneza saa kama ile, lakini hawezi kutengeneza mkono ulioivaa.

Uchache una maajabu yake. Mwaka 1941 kampuni ya Patek Philippe ilianza kuuza kronografu yenye kalenda, namba 1518. Zilitengenezwa 281 tu, nyingi zikiwa za dhahabu. Za chuma zinazojulikana ni nne. Moja katika hizo iliuzwa Geneva mwaka 2016 kwa faranga za Uswisi 11,002,000, na mwaka 2025 ikanadiwa tena kwa zaidi ya milioni 14. Sisi tulizoea mwanamume Mwislamu kuacha saa ya dhahabu na kuvaa ya chuma kwa sababu ya dini yake. Huko chuma kimeipita dhahabu kwa sababu ya uhaba tu.

Mfano wa tatu uko karibu nasi zaidi, kwani kwa watu wa pwani Maskati si mji wa kigeni. Sultani Qaboos, aliyetawala Oman tangu 1970 hadi 2020, aliagiza saa za Rolex zenye nembo ya jambia ili azitoe zawadi. Leo saa hizo, Daytona zikiwemo, hupata bei kubwa kuliko wenzake zisizo na nembo. Saa ni ile ile na mashine ni ile ile. Tofauti ni jambia dogo na habari ya aliyeitoa.

Walakini penye habari ya kuuzwa hakosekani mtunga habari. Mnamo Novemba 2021 Omega Speedmaster ya mwaka 1957 ilipigwa mnada Geneva. Ilikadiriwa kupata faranga 80,000 hadi 120,000. Ikauzwa kwa 3,115,500. Mwaka 2023 kampuni ya Omega yenyewe ikatangaza kwamba saa ile iliunganishwa kwa vipande vilivyotoka katika saa mbalimbali, ikawatuhumu waliokuwa wafanyakazi wake watatu. La kustaajabisha ni kuwa aliyeinunua mnadani alikuwa Omega, akitaka kuiweka katika jumba lake la makumbusho! Wahenga wetu walisema ukiona vyaelea, jua vyaundwa. Hii iliundwa kweli kweli. Ikiwa mwenye kiwanda ameingia mtegoni, mnunuzi wa kawaida ana kinga gani?

Tena mnada wa huko una kanuni zake. Kampuni hutoza ada juu ya bei ya nyundo: katika ile saa ya Newman nyundo iligonga kwenye milioni 15.5, ada ikaifikisha 17.75. Muuzaji huweka bei ya chini ya siri, na masharti humruhusu dalali kutaja bei kwa niaba yake mpaka siri hiyo ifikiwe. Msomaji Mwislamu anajua kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kupandisha bei ya mali asiyokusudia kuinunua. Kama desturi ile inaingia katika katazo hilo, nawaachia masheikh waseme. Ninalosema mimi ni kwamba bei tunayoisoma gazetini si lazima iwe imepandishwa na wanunuzi peke yao.

Haya yatuhusu vipi? Wazee wetu wengi walikwenda Ghuba kutafuta riziki, wakarudi na saa. Akifa mzee, mara nyingi saa huchukuliwa na mtoto mmoja kuwa kumbukumbu, bila ya kuthaminiwa, ilhali nyumba na shamba hugawanywa kwa sheria. Saa nayo ni mirathi. Nyingi hazina bei kubwa, na asidanganyike mtu kuwa kila kuukuu ni hazina. Lakini isiyojulikana bei yake haiwezi kugawanywa kwa haki, na mchuuzi apitaye mlangoni huenda akaijua bei kuliko warithi wote.

Kwa hiyo saa ya namna hiyo isipelekwe kwa fundi kung'arishwa wala kubadilishwa uso, maana wakusanyaji hutaka ile iliyobaki na mikwaruzo yake. Risiti, sanduku na picha ya marehemu akiwa ameivaa vihifadhiwe pamoja, kwani hivyo ndivyo vishahidi vya habari yake. Na kabla ya mrithi mmoja kuifunga mkononi, warithi wote waulizwe na bei yake ijulikane.